Kutambua okidi za mwituni kwenye nyika za hetha: anza na udongo, rangi iache mwisho

Watu wengi wakikutana na okidi ya mwituni wanapiga picha moja ya ua kwa juu, wanaondoka, alafu jioni ndo wanaanza kuuliza "hii ya pinki ni ipi?" na hapo hata mtaalamu atabaki kukuna kichwa, kwa sababu okidi za pinki ziko kibao na nyingi zinabadilika rangi kutoka mche hadi mche, huu umekolea zambarau, wa pembeni yake mweupe pee, na yote ni aina moja. Rangi ni kitu cha mwisho kuangalia. Kama unatembea kwenye nyika za hetha (vichaka vifupi) za Uingereza, Uskoti, Wales au Ireland na unataka kujua unachokiona ni nini, anza na udongo uliosimama juu yake, panda kwenye majani, ndo uje kwenye ua, na ukifika kwenye ua nenda moja kwa moja kwenye mdomo na kipembe. Ukienda kwa mpangilio huo unakuta umeshaondoa aina nyingi kabla hata hujapiga goti.

Nyika za hetha ziko za namna mbili. Kuna zile za chini, udongo wa kichanga, sehemu kubwa kavu, mfano New Forest kule kusini mwa Uingereza. Na kuna zile za juu vilimani, mvua haikatiki, chini kuna piti, yaani ule udongo mweusi unaotokana na mimea iliyokufa zamani sana ikashindwa kuoza vizuri kwa sababu ya maji yaliyotuama, mfano Dartmoor, North York Moors, na maeneo makubwa tu ya Uskoti. Kinachoziunganisha ni hetha yenyewe, kichaka kifupi chenye maua madogo ya zambarau yanayofunika vilima ikifika mwezi wa nane, na udongo wa asidi usio na chokaa. Hiyo asidi ndo inakufanyia nusu ya kazi. Uingereza na Ireland kwa pamoja zina okidi za mwituni aina 50 hivi, ila nyingi zinataka chokaa, huku hazikanyagi. Zinazobaki za kukutana nazo huku ni kumi na kidogo, na utakazoziona mara kwa mara ni tatu nne tu. Kwa hiyo usiogope kitabu kinene, nusu yake hakikuhusu.

Kwanza hakikisha ni okidi

Kuna mmea unaitwa Pedicularis sylvatica, mfupi, maua ya pinki yenye mdomo, umejaa kwenye nyika zenye unyevu na kwa mbali unamdanganya yeyote. Angalia majani: ya Pedicularis yamechanikachanika kama ya karoti. Okidi haina jani la hivo. Jani la okidi ni zima, ukingo hauna meno, na mishipa inaenda sambamba kutoka chini hadi kwenye ncha. Ua la okidi lina sepali tatu (zile za nje, zinazofunika tumba) na petali tatu (za ndani), na petali moja imekuwa tofauti na wenzake, hiyo ndo inaitwa mdomo, kawaida inaning'inia mbele kwa chini. Nyuma ya mdomo okidi nyingi zina kipembe, kijimrija kilichozibwa mwisho. Mdomo na kipembe, shika hivo viwili, mengine tutayaongeza njiani.

Udongo unavyodanganya

Nimesema hetha ni asidi, lakini kuna sehemu mbili zinazokuvuruga. Moja ni kando ya barabara. Barabara nyingi zinazopita juu ya nyika zimejengwa kwa kokoto za chokaa, mvua inaosha chokaa inaingia pembeni, basi ukanda mwembamba wa udongo unabadilika na unakuta okidi ambayo haikupaswa kuwepo, hatua chache ndani ya hetha haipo tena. Kwa hiyo okidi uliyoiona ulipopaki gari usiichukulie kuwa ndo mfano wa nyika nzima. Ya pili ni chemchemi ndogo zinazotoka kwenye miamba yenye madini, maji yanachuruzika mteremkoni na kutengeneza mstari wa kijani uliokoza katikati ya hetha ya kahawia. Humo ukiona ua jeupe lenye petali tano na mishipa ya kijani, linaitwa Parnassia palustris, jua hapo kuna madini na orodha yako inabidi ipanuke. Ukiona Sphagnum, ile mimea laini inayobonyea na kutoa maji ukiikanyaga, imetanda peke yake na vile vimea vyekundu vinavyonasa wadudu, Drosera, basi uko kwenye asidi kamili.

Okidi ya kwanza utakayoiona

Kwa asilimia kubwa itakuwa Dactylorhiza maculata. Hii ndo mwenyeji wa nyika hizi, kuanzia New Forest mpaka visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, inatoa maua kuanzia mwisho wa mwezi wa tano mpaka wa nane, urefu mara nyingi ni sm 10 hadi 30, na kwenye sehemu iliyopigwa na upepo inaweza kuwa fupi kuliko hetha inayoizunguka. Shida yake ni kwamba ina ndugu anayefanana nayo sana, Dactylorhiza fuchsii, na huyo ndo yule wa kando ya barabara ninayemsema. Watu wanazichanganya hizi mbili kila mwaka, wengine wanagombana kabisa, kwa hiyo hapa tukae kidogo.

Anza na mdomo, uangalie kwa mbele, sio kwa juu. Wa maculata ni mpana, umetanuka kama sketi, pembeni ni duara na una vijikunjo, na katikati kwa chini kuna kijino kidogo tu ambacho mara nyingi hakizidi zile pande mbili kwa urefu. Wa fuchsii umekatwa mara tatu kwa kina, unaona kabisa vipande vitatu, na kile cha katikati ni kirefu, kinachomoza chini kuliko wenzake. Ukishaziona mbili hizi bega kwa bega hutazisahau.

Alafu alama za kwenye mdomo. Maculata ina vidoti na vistari vifupi vilivyosambaa, hafifu. Fuchsii ina mistari iliyoungana ikatengeneza vitanzi, mistari imekolea na unaweza kuifuata kwa macho ikizunguka. Ila hii ya alama naiweka ya pili kwa sababu kuna miche yenye alama zilizofifia mpaka huoni kitu, hasa ile myeupe.

Majani sasa. Zote mbili zina madoa, kwa hiyo "ina madoa" peke yake haisaidii. Ya maculata ni membamba, yamekunjika katikati kwa urefu, yanachongoka, na madoa yake ni ya mviringo tena yamepauka. Ya fuchsii ni mapana zaidi, na lile la chini kabisa lina ncha butu ya duara, hilo jani la chini ni ushahidi mzuri sana na watu wengi hawainami kuliangalia. Madoa ya fuchsii yamelala kwa upana, yanakatiza jani. Na wakati mwingine madoa hayapo kabisa, kwa hizi zote mbili, usichanganyikiwe, rudi kwenye mdomo.

Umbo la shada zima nalo linasaidia kidogo, la maculata mwanzoni ni fupi kama piramidi, la fuchsii likishafunguka linarefuka. Mi siitegemei hiyo kwa sababu inategemea umeikuta siku gani.

Zile za zambarau kali

Ukifika sehemu yenye majimaji, kingo za vijito, mitaro, malisho yaliyolowa chini ya nyika, utaanza kuona okidi nene zenye shina lililoshiba na rangi kali. Nazo ni Dactylorhiza, ila ni kundi lingine. Kama uko kaskazini, yaani Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, Wales, Ireland, yenye zambarau nzito iliyoiva, mdomo wenye umbo la almasi, shada limejaa na juu kama limekatwa bapa, hiyo ni Dactylorhiza purpurella. Majani yake hayana madoa, au yana vidoti vidogo karibu na ncha tu. Kusini kuna Dactylorhiza praetermissa, hii inarefuka zaidi, mdomo ni mpana umefunguka na vidoti vimekusanyika katikati. Ramani peke yake inakusaidia sana hapa, ingawa Wales unaweza kukutana na zote mbili.

Ya tatu ni Dactylorhiza incarnata, na hii ukishajua siri yake hutaisumbukia. Majani yake ni ya kijani cha njano, yamesimama wima karibu na shina, na ncha imejikunja ndani kidogo na kutengeneza kofia. Mdomo umekunjwa pembeni kurudi nyuma mpaka unaonekana mwembamba kuliko ulivyo, na juu yake kuna vitanzi viwili vya wazi, kimoja kila upande. Shina lake lina uwazi ndani, ukilibonyeza kwa upole kwa vidole unasikia linabonyea. Ya kwenye vinamasi vya asidi mara nyingi ni ile ya zambarau-pinki inayoitwa pulchella, sio ile ya rangi ya nyama iliyopauka, kwa hiyo picha za mtandaoni za incarnata zisikufunge akili.

Na hapa niseme ukweli ambao vitabu vingi vinaupitia haraka: hizi Dactylorhiza zinazaana zenyewe kwa zenyewe bila aibu. Utakuta mche una mdomo wa maculata na unene wa purpurella, madoa yapo nusu, rangi iko katikati, na urefu umezidi wazazi wote wawili. Huo ni mchanganyiko, wala hujakosea kuangalia. Sababu iko kwenye kromosomu. Maculata, purpurella na praetermissa zote zina kromosomu 80, kwa hiyo zikichanganyika watoto wanazaa vizuri nao, na mwisho unapata kinamasi kizima ambacho hakuna mche unaofanana na mwenzake. Fuchsii ina 40, ikichanganyika na maculata mtoto anatoka na hesabu ya katikati na kwa kawaida hazai sana, ndo maana hizo mbili zimeweza kubaki tofauti ingawa zinafanana namna hiyo. Na kituko chenyewe ni kwamba purpurella na praetermissa zote zilitokana na michanganyiko ya zamani kati ya fuchsii na incarnata, kwa hiyo ukiona zinafanana ni ukoo mmoja kweli.

Cha kufanya ukikutana na kundi la namna hiyo: usiangalie mche mmoja. Angalia miche kama kumi au ishirini, tafuta inayojirudia, hiyo ndo aina ya eneo lile, ile ya ajabu ajabu andika mchanganyiko uendelee na safari.

Moja ya kuiondoa mapema kwenye hesabu ni Orchis mascula, inatoka mapema, mwezi wa nne mpaka wa sita, zambarau, madoa meusi marefu kwenye majani. Huwa inaonekana kingo za nyika na malisho ya vilimani, ila kwenye piti yenye asidi kali haipo. Tofauti ya haraka ni vile vijani vidogo vinavyoshika kila ua shinani: vya Dactylorhiza ni vya kijani, vinene, na mara nyingi vinachomoza katikati ya maua. Vya Orchis mascula ni vyembamba, laini, vina rangi ya zambarau na havionekani sana. Kipembe chake ni kinene na kimeinuka kuelekea juu. Na ikizeeka inanuka mkojo wa paka, samahani lakini ndo hivo.

Kipembe kirefu maana yake nini

Ukishazoea Dactylorhiza, siku moja utaona pinki nyingine mbali, utasema "ah, maculata hiyo," utapita. Rudi. Ipinde kidogo kwa upande bila kuikata uangalie nyuma ya ua. Kama kipembe ni chembamba sana na kirefu, zaidi ya sm 1, kimejipinda chini, na majani ni membamba bila doa lolote, hiyo ni Gymnadenia borealis. Inusie. Ina harufu tamu yenye ukali wa karafuu, na jioni inazidi. Maua ni ya pinki safi bila vidoti, mdomo mdogo wenye vipande vitatu visivyoachana sana. Inapenda hetha fupi na malisho ya vilimani, kaskazini na magharibi, ila New Forest nayo ipo. Kuna ndugu zake wawili, Gymnadenia conopsea wa sehemu za chokaa na Gymnadenia densiflora wa kwenye majimaji yenye madini, wakubwa zaidi kidogo, kwa hiyo kwenye zile chemchemi nilizosema kuwa makini.

Urefu wa kipembe una maana yake. Dactylorhiza zina kipembe kifupi na ndani hakuna nekta, yaani yale maji matamu ya ua, nyuki anadanganywa, anaingia, anabeba chavua, anaondoka njaa. Gymnadenia na Platanthera zina nekta kweli, ila iko mwisho wa mrija mrefu mwembamba ambao nyuki wengi hawaufikii, wanaofika ni vipepeo na nondo wenye ulimi mrefu. Ndo maana harufu inakuja jioni, na ndo maana wengi wa kundi hilo ni weupe au wamepauka.

Nyeupe

Platanthera bifolia ndo nyeupe maarufu ya nyika. Inaota katikati ya hetha na nyasi ndefu za sehemu zenye unyevunyevu, ina majani mawili mapana yanayong'aa pale chini, yanatazamana, na maua yake meupe yenye ukijani yameachana kwenye shina. Mdomo ni mrefu, mwembamba, hauna kipande wala jino. Kipembe ni kirefu mno, sm 2 si ajabu. Mwenzake Platanthera chlorantha ni wa misituni na malisho ya chokaa zaidi lakini anatokea pia, na hapa kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Angalia katikati ya ua, juu ya tundu la kipembe, kuna vifurushi viwili vya chavua, vya njano. Kwenye bifolia vifurushi vimesimama sambamba na vimekaribiana. Kwenye chlorantha vimetanuka, juu vimekaribiana na chini vimeachana. Sababu ni nondo: kwenye chlorantha chavua inabandikwa kwenye macho ya nondo, upande huu na upande huu, kwenye bifolia inabandikwa kwenye ulimi, kwa hiyo hakuna haja ya kuachana. Piga picha ya mbele, karibu, alafu kuza kwenye simu, utaiona bila hata lenzi.

Maculata nyeupe nazo zipo nyingi, zinawachanganya wanaoanza. Zina kipembe kifupi, mdomo wa sketi na majani zaidi ya mawili. Kwisha.

Nyeupe ya tatu ni ya kubahatisha: Pseudorchis albida. Ni fupi, mara nyingi sm 10 hadi 20, vijiua vya rangi ya krimu ni vidogo sana, milimita chache tu, vimejazana kwenye shada jembamba na vingi vimegeukia upande mmoja, havifunguki sana. Ukiipita kwa mwendo wa kawaida unadhani ni ua fulani tu limekauka. Ngome yake ni Uskoti, kwenye malisho ya vilimani na hetha fupi, mwezi wa sita ndo wakati mzuri. Uingereza na Wales imepungua sana. Ukiipata huko kusini, hiyo ni taarifa ya kupeleka kwa watu.

Na mwisho wa majira, mwezi wa saba na wa nane, kama uko magharibi mwa Uskoti au Ireland, kando ya maziwa na malisho yaliyolowa, kuna Spiranthes romanzoffiana, ya krimu, maua yamejipanga mistari mitatu inayozunguka shina. Huyu makao yake makubwa ni Amerika ya Kaskazini, Ulaya anaonekana upande huu wa magharibi tu, kitu cha ajabu sana. Alikuwepo pia ndugu yake Spiranthes aestivalis kwenye vinamasi vya New Forest, akapotea miaka ya 1950, mifereji ilikausha vinamasi na wakusanyaji wakamaliza vilivyobaki. Picha zake za zamani bado zinazunguka, usije ukadhani umempata.

Ndogo za kijani, hapa ndo kazi

Kuna okidi mbili ambazo watu wanaishi jirani nazo miaka na hawazijui. Ya kwanza Neottia cordata. Inaishi chini ya hetha, namaanisha chini kabisa, kwenye giza la hetha nzee iliyorefuka ikaacha uwazi kwa ndani, juu ya Sphagnum, mara nyingi kwenye mteremko unaotazama kaskazini. Urefu sm 5 hadi 10 hivi, shina jekundu-kahawia, na kwenye shina majani mawili tu yenye umbo la moyo, yanayong'aa, yanatazamana, kila moja sm 1 au 2. Hayo majani mawili ndo utambulisho wote. Vijiua ni vyekundu vyenye ukijani, mdomo umegawanyika ncha mbili zilizochongoka, kipembe hakuna. Namna ya kuitafuta ni kulala chini au kupiga magoti, kufungua hetha kwa mikono miwili taratibu, kuangalia, kuifunga irudi, kusogea. Mwezi wa tano mpaka wa saba. Ukienda sehemu ambayo hetha imechomwa karibuni, wanachoma kwa ajili ya ndege wa kuwindwa, ni fupi na kijani, usijisumbue, nenda kwenye ile nzee.

Ya pili ni Hammarbya paludosa, na hii ndo ndogo kuliko zote, sm 3 hadi 8 mara nyingi, yote ya kijani-njano, imesimama juu ya Sphagnum ambayo nayo ni ya kijani-njano. Utatafuta mpaka macho yaume. Mwezi wa saba mpaka wa tisa, kingo za vidimbwi na sehemu ambazo maji yanatembea polepole sana, New Forest, Lake District, Uskoti. Ishara mbili: ukingo wa majani karibu na ncha una vitumba vidogo sana, kila kimoja kinaweza kudondoka na kuwa mche mpya, na ua lake mdomo uko juu, sio chini. Okidi nyingi ua linajizungusha nusu mzunguko likiwa bado tumba ili mdomo ukae chini, hii inazunguka mzunguko mzima na mdomo unarudi ulipoanzia. Lenzi ya mara 10 ni lazima hapa, bila hiyo unakisia tu.

Tahadhari kubwa ya Hammarbya ni kwamba ukiona mmoja, simama hapo hapo. Usipige hatua. Angalia kuzunguka miguu yako kwanza, maana mara nyingi wengine wako pale unapotaka kukanyaga. Ukitaka picha piga kwa kuinama ukiwa umesimama ulipo, hizi picha za kulala tumboni ukitafuta pembe nzuri zimeua miche mingi kuliko kondoo, kwa mtazamo wangu.

Picha zinazotosha

Picha moja nzuri haitambui okidi, picha tano mbaya zinatambua. Piga mche mzima na vitu vilivyouzunguka, alafu majani ya chini kwa karibu (lile la chini kabisa usilisahau), ua moja kwa mbele kabisa, ua hilo hilo kwa upande ili kipembe kionekane, na vile vijani vinavyoshika maua. Weka rula au kidole kwenye mojawapo tujue ukubwa. Zile apu za kutambua mimea kwa picha zinafanya vizuri kwa Platanthera na Neottia, ila kwa Dactylorhiza zinakupa jibu kwa kujiamini hata pale ambapo mtu aliyesomea angesema hajui, kwa hiyo jibu lake lichukue kama mwanzo wa kuangalia, ukalinganishe mwenyewe na mdomo na jani.

Usichume ili ukatambue nyumbani, na kung'oa ndo kabisa. Kwa sheria ya Wildlife and Countryside Act ya 1981 kung'oa mmea wowote wa mwituni Uingereza, Wales na Uskoti bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa, na kuna aina ambazo hata kuchuma hairuhusiwi. Alafu hata ukiihamishia bustanini kwa kawaida inakufa. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula, inategemea kuvu fulani wa udongoni kuilisha mpaka iote, na mche mkubwa nao bado unahitaji mazingira ya kule kule.

Ukiwa chini kwenye hetha kumbuka kupe, wanabeba ugonjwa wa Lyme, chomeka suruali kwenye soksi na ujikague ukirudi. Siku za jua kwenye nyika kavu kuna nyoka Vipera berus, ndo pekee mwenye sumu Uingereza, atakimbia kabla hujamwona ila angalia unapoweka mkono. Ireland nyoka wa asili hawapo. Na kwenye kinamasi, kijani kinachong'aa sana na kimelala bapa bila hata nyasi moja iliyosimama, usikanyage, chini ni maji.

Ukishapata jina, au nusu ya jina, peleka rekodi. BSBI, chama cha wataalamu wa mimea cha Uingereza na Ireland, wana mtu wa kupokea rekodi kwa kila eneo, na atlasi yao iliyotoka 2023 ilijengwa na rekodi za watu wanaojitolea. Andika tarehe, namba ya gridi ya ramani ya tarakimu 8 ambayo inakuleta ndani ya mita 10, idadi ya miche, na ulichokiona kwenye udongo. Ila kwa Hammarbya na Pseudorchis usibandike hiyo namba hadharani mitandaoni, mpe mpokeaji wa rekodi peke yake. Na kama baada ya yote bado hujui ni purpurella au mchanganyiko, andika Dactylorhiza tu na uambatanishe zile picha tano, mpokeaji atafurahi zaidi na hilo kuliko jina kamili la kubuni.